Bonyeza Moja Ukiwa Mzima

Alhamisi, 6 Februari

Mume wangu mtoro,

Mwaka wa pili unakatika hujatia mguu humu ndani, na usiniletee hesabu zako za mwaka na miezi, kuhesabu najua ingawa kusoma sijui. Ulitoka hapa ukasema, "Narudi sasa hivi, bibi." Hiyo sasa hivi yako ina urefu gani? Kiti ulichokalia siku ile nimekigeuza kikatazama ukuta. Kitakaa hivyo hivyo mpaka mwenyewe aje akiombee msamaha.

Anayeandika ni mshonaji, jirani yangu wa ua mmoja, ambaye wewe ulimwacha bado ana kiuno. Nimemwambia ayaandike maneno kama yanavyotoka, asiyapige pasi. (Nimeyaandika yote, ila tusi moja nimeliruka. Mshonaji.)

Najua utasema mbona kila siku tunaongea. Tunaongea nini? Saa moja kamili asubuhi simu inalia, naiweka sikio la kulia kwa sababu la kushoto limeshastaafu, na nasikia sauti yako: "Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Ukiwa mzima, bonyeza moja." Siku ya kwanza nilifurahi. Nikakuitikia marahaba, nikakuuliza umekula nini, nikakuambia paa linavuja juu ya kabati la vyombo. Ukanijibu: "Shikamoo. Natumaini umeamka salama." Ndipo nikajua nasalimiana na bati. Sasa nasikia mjane wa fundi saa, kule barabarani, naye anaamshwa na sauti hiyo hiyo, neno kwa neno, na anajisifu dukani kwamba kijana anamjali. Nimezeeka vizuri, leo nina wake wenza ambao hata siwajui idadi.

Simu ya kuzungumza mimi na wewe ilitushinda, tunapigiana kelele mpaka majirani wanatoka nje kuamua ugomvi. Basi andika barua. Barua naiweka chini ya mto, na mshonaji akiwa na nafasi ananisomea tena. Mpe dereva wa gari la mitungi ya gesi, anapita huku kila wiki na ni mtu mwaminifu ingawa anakula sana.

Njoo. Sijasema naumwa. Nasema njoo.

Bibi yako, na mkeo


Jumanne, 11 Februari

Shikamoo bibi,

Nimeisoma barua yako nimesimama, halafu nikakaa nikaisoma tena. Hicho kiti usikionee, kosa ni langu.

Ngoja nikueleze kazi yangu ilivyo, ili ujue kinachonifunga. Ile sauti inatumwa na programu niliyoiandika mwenyewe. Programu hiyo inaishi kwenye seva, yaani kompyuta isiyolala, na kila asubuhi inawapigia wazee mia nne na kumi na wawili wanaoishi peke yao. Mzee asipobonyeza, maneno yanarudiwa. Yakisemwa mara tatu bila jibu, ujumbe unakwenda kwa ndugu yake akamwangalie. Tumeshawapata watu sakafuni mapema kwa njia hiyo.

Sasa, programu nayo huanguka. Kwa hiyo nimeiwekea msimamizi. Naye ni programu, ila kazi yake ni moja tu: kuitazama ile ya kwanza, na ikianguka kuiinua palepale, kabla hata hujapepesa jicho. Kwenye kioo cha kompyuta yangu nauona mstari mmoja wenye rangi ya kijani, umeandikwa "inaendelea", na pembeni namba ya mara ilizoinuliwa. Wiki tatu hizi imeinuliwa mara mia tatu na kumi na mbili, na hakuna mzee hata mmoja aliyejua. Huyo msimamizi ndiye mfanyakazi mwenzangu wa kweli. Wengine wote waliacha kazi, nimebaki mimi na mhasibu.

Lakini kuna siku yeye mwenyewe anaweza kushindwa, na hapo lazima niwepo. Huko kwako simu inalia, lakini mtandao wa kompyuta hauingii. Nikija, wazee wote hao nimewaacha na nani?

Jambo jingine. Naona kwenye kumbukumbu za programu kwamba wewe unabonyeza mara ya tatu, kila siku, sekunde mbili tatu kabla muda haujaisha. Najua vidole vimechoka. Nimekuongezea sekunde kumi ili usiharakishwe.

Nakaa chumba cha juu ya duka la kuchapisha vitabu vya shule, sakafu inatetemeka mchana kutwa. Ile salamu niliirekodi ndani ya kabati la nguo, ili isitoe mwangwi. Siku nyingine jioni inafika na maneno pekee niliyoyasikia ni hayo, nikiyajaribu kama bado yanasikika.

Mjukuu wako


Alhamisi, 20 Februari

Mume wangu wa kabatini,

Nimesomewa barua yako mara tatu, na mara zote tatu huyo msimamizi wako simpendi.

Mimi nimelea watoto saba. Mtoto akianguka unamwinua, sawa. Akianguka mara mbili, unamfuta vumbi. Akianguka mara kumi kwa siku moja huendelei kumwinua tu huku unamsifu kwa kusimama. Unamkalisha, unamtazama macho, unamshika tumbo, unauliza huyu ana nini. Mama yako alikuwa anaanguka hivyo akiwa na miaka minne, kila mtu anasema ana haraka huyo, kumbe jicho moja lilikuwa halioni vizuri. Mara mia tatu na ngapi, na wewe unaniandikia kama habari njema? Mtu wako anainua hajui anainua nini. Muulize mgonjwa, acha kumuuliza mpagazi.

(Hapa bibi amepiga meza, wino ukamwagika. Samahani kwa doa. Mshonaji.)

Kuhusu vidole vyangu, vidole vyangu ni vizima. Nachambua mchele wa mshonaji kila Jumapili na haupiti mchanga. Sekunde zako kumi asante, sikuziomba lakini nimezipokea.

Hao wazee wako nimewafikiria. Nilikuwa nimekasirika, lakini jana mjane wa fundi saa kanisimulia kwamba tangu mumewe afariki hakuna mtu mwingine anayempa shikamoo kabla jua halijapanda. Anavaa kitambaa kichwani kwanza ndipo apokee. Nikamwambia ni bati hilo. Akasema anajua, lakini bati lina adabu kuliko wanawe.

Basi kaa nao. Mimi ni mzima. Paa mshonaji kaliwekea sufuria.

Bibi yako


Ijumaa, 14 Machi

Shikamoo bibi,

Nisamehe kuchelewa. Maneno yako kuhusu mpagazi yalinichoma, na nimeyaandika kwenye karatasi nikayabandika ukutani: kwa nini inaanguka? Nikipata nafasi nitaitafuta sababu. Kwa sasa kijani kipo, na tumepokea wazee wengine thelathini, kwa hiyo nafasi yenyewe sijaiona.

Lakini nina furaha ya kukuambia. Nimeangalia kumbukumbu zako: siku kumi na moja mfululizo umebonyeza mara ya kwanza! Tena haraka, hata salamu haijaisha. Nilimwambia mhasibu, "Bibi yangu ameurudia usichana." Nadhani umeizoea mashine. Au ni yale mazoezi ya mchele?

Umenipunguzia wasiwasi mkubwa. Zamani, kila ulipofika mara ya tatu moyo wangu ulikuwa unasimama kidogo, hasa siku ambazo naangalia moja kwa moja saa moja ile. Siku hizi nakunywa chai yangu kwa amani.

Mjukuu wako


Ijumaa, 21 Machi

Mjukuu wangu,

Barua imefika. Nashukuru kwa sifa.

Mimi ni mzima. Hali ya hewa ni nzuri. Mshonaji ni mzima na anakusalimu. Kiti bado kinatazama ukuta.

Nimetaka uandikiwe jambo moja tu. Simu yako haikulia Jumatano. Jana haikulia. Leo nayo saa moja imepita, saa mbili imepita, kimya. Mshonaji alidhani simu imeharibika, lakini dada yake alipompigia ililia vizuri. Mjane wa fundi saa naye ametuma mtu kuuliza kama tumepata sisi. Amekaa na kitambaa chake kichwani mpaka mchana.

Kama ni wewe unaumwa, mwambie huyo mhasibu aniandikie. Kama ni mashine, iinue. Mimi usinifikirie, nipo, nimekaa vizuri.

Dereva wa gesi anapiga honi.

Bibi yako


Jumamosi, 22 Machi

Mhasibu, dada yangu,

Barua hii naiacha juu ya kibodi yako ili usikose kuiona. Ninaondoka na basi la kwanza. Isome yote kabla hujakasirika.

Tangu Jumatano asubuhi programu haijampigia mzee hata mmoja. Siku nne. Mimi na wewe tumekaa humu tunautazama mstari wa kijani, "inaendelea", na kweli ilikuwa inaendelea: imesimama wima, imeganda. Ilipiga simu ya kwanza, njia ya simu haikuijibu, ikangoja. Sikuwahi kuiandikia kwamba kungoja kuna mwisho. Kwa kuwa haikuanguka, msimamizi hakuwa na cha kuinua. Yeye huuliza swali moja tu, "Upo?", nayo ikajibu, "Nipo." Na ndugu wa wazee wanajua kimya chetu maana yake ni heri, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Na yale maanguko mia tatu yalikuwa ugonjwa huo huo. Simu zisizofungwa zilirundikana mpaka programu inazidiwa, inaanguka, inainuliwa, inaanza kurundika upya. Ningetafuta sababu mwezi uliopita ningeipata kwa nusu siku. Leo nimeipata kwa nusu siku.

Mzee fundi kufuli, yule mstaafu wa ghorofa ya chini, alianguka Jumatano hiyo hiyo. Alilala sakafuni hadi jioni. Binti yake alipita kuchukua ufunguo tu. Yuko hospitali, anaongea. Nimemwambia binti ukweli kwamba sisi hatukupiga. Akakata simu. Akipiga tena, usimpe maneno ya ofisini. Mwambie tulikosea.

Aliyenijulisha ni bibi yangu, kwa barua iliyoletwa na gari la gesi. Nilipomaliza kurekebisha nikakaa kuisoma upya, maana kuna kitu kilikuwa kinanikera ndani yake. Haina tusi. Haina mzaha. Mshonaji anayemwandikia hakuchomeka neno lake hata moja. Bibi yangu hajawahi kutaja hali ya hewa tangu nizaliwe.

Nikafungua kumbukumbu zake. Miaka miwili anabonyeza mara ya tatu, hakosi. Jumapili, tarehe mbili Machi, mara ya tatu. Jumatatu, tarehe tatu, mara ya kwanza, sekunde ya nne. Na kila siku baada ya hapo, sekunde ya nne, ya tano, ya nne. Dada, huo si mkono wake. Nami nilimwandikia kumpongeza.

Sasa kazi. Nimeiwekea programu mwisho wa kungoja. Msimamizi nimembadilishia swali: haulizi tena kama ipo, anaiagiza ipige simu moja na anangoja isikike. Simu hiyo ni ile nyekundu niliyoiweka mezani kwako. Italia kila saa. Isipolia, usiangalie kijani, fuata karatasi iliyobandikwa ukutani, hatua tatu, nimeandika kwa herufi kubwa. Na ile namba ya maanguko: ikizidi tano kwa siku, nipigie hata kama uko katikati ya hesabu zako.

Sijui nitarudi lini.

Kaka yako wa meza ya dirishani


Ijumaa, 25 Aprili

Mume wangu,

Mshonaji kakaa hapa na kalamu tangu asubuhi, na mimi namwambia ngoja, ngoja. Kumbe kukutukana ni rahisi kuliko haya.

Mguu unaendelea. Nakwenda mpaka mlangoni kwa mkongojo na kurudi, na jana nilifika kwenye bomba. Lile bomba nalisema kwa makusudi, kwa sababu ulipoondoka ulinikataza. Soketi uliyoishusha karibu na kitanda inafanya kazi, simu inalala hapa hapa kichwani pangu. Paa halivuji. Sufuria ya mshonaji imerudi jikoni kwake, anasema imepata kutu na wewe ndiye utakayeilipa kwa kumbeba mgongoni. (Sijasema hivyo. Mshonaji.)

Nilianguka Jumapili ile nikitoka kuoga, saa kumi jioni. Si muda mrefu, mshonaji alinisikia. Lakini nilipolala nikafikiria, mjukuu wangu akijua ataacha kazi aje, na wale wazee wake atawaacha peke yao. Nikamfikiria mjane wa fundi saa na kitambaa chake. Simu ikakaa kwa mshonaji kwa sababu soketi yangu ya kuichajia ilikuwa juu, siifikii, nikamwambia ikilia wewe bonyeza. Naye ana nguo chini ya sindano, atasubiri salamu yako iishe ya nini? Akawa anabonyeza kama anaua mbu. Usimlaumu. Alitaka kukuandikia siku ya pili, mimi ndiye niliyemwapisha, tena kwa jina la marehemu mama yake. Maneno yake yalimkwama, ndiyo maana barua ile ilikuwa tupu.

Ulipoingia mlangoni na begi lako, umekonda kama ufagio, nikakuuliza nani kakuambia. Ukasema, "Wewe mwenyewe, bibi. Umebonyeza haraka mno." Nilicheka mguu ukaniuma. Halafu ulitoka nje, ukajifanya unatazama paa, na mimi nikajifanya sioni mabega yako.

Ulikaa siku tisa, na mara moja tu ulipanda kwenye tangi la maji kutafuta mtandao. Kiti nimekigeuza. Ulipoondoka sikukirudisha ukutani, kinatazama mlango.

Kuna neno uliniuliza usiku wa mwisho nikajifanya nimelala. Uliniuliza kwa nini mara ya tatu. Ulikuwa na mawazo yako ya vidole na macho na ubongo wa kizee. Nilikuwa macho, mume wangu. Sikia basi. Nikibonyeza, unanyamaza. Sauti inakatika, ti, na nyumba inakuwa nyumba tena, na kutoka hapo mpaka kesho saa moja hakuna anayeniita. Nisipobonyeza unarudia. Unanisalimu mara ya kwanza, naitikia. Mara ya pili, nakusimulia. Mara ya tatu nakusikiliza tu, mpaka karibu na mwisho, halafu nabonyeza ili usipate mshtuko. Najua ni bati. Hata kikombe cha marehemu babu yako ni bati, na bado nakiosha peke yake.

Zile siku za mguu, hilo ndilo lililoniuma. Mfupa ulikuwa na dawa. Lakini saa moja ikifika nilikuwa nasikia simu inalia kwa mshonaji, ng'ambo ya ua, mara moja, na kukatika.

Sasa umebadilisha maneno. Unasema, "Ukiwa umesimama bonyeza moja, ukiwa umelala bonyeza mbili." Vizuri, hilo ni swali la mtu mwenye akili, hata huyo msimamizi wako nasikia umemfundisha kuuliza hivyo. Siku za kwanza nilibonyeza mbili. Juzi nikabonyeza moja. Ilikuwa mara ya tatu kama kawaida, na najua huko uliko unaangalia, na sasa unajua ni kwa nini. Usinipunguzie sekunde zangu.

Mjane wa fundi saa anasema amekuona ukipita na ngazi na kwamba sauti ni nzuri kuliko sura. Fundi kufuli wako mpelekee salamu zangu. Mwambie na mimi nilikuwa chini mwezi huo huo, tumeinuka pamoja.

Sikuambii uje lini. Wazee wako nimeshawakubali, wake wenza tutaelewana. Ila siku utakayokuja, fanya hivi. Usimtangulize dereva wa gesi na taarifa, wala usiingie moja kwa moja kama ulivyofanya safari ile. Simama nje ya mlango, upige hodi. Usipojibiwa usivunje kitu, usimwite mshonaji. Piga hodi ya pili, taratibu. Halafu ya tatu.

Mimi nitakuwa kwenye kiti, nimesikia tangu ile ya kwanza.

Bibi yako